Pengo

Julai, Tukuyu. Ukungu hauinuki kabla ya saa nne
na nzi wangu wamegoma kukua.
Chupa kumi na moja zilizokuwa za jemu,
ndani uji wa mahindi, ndizi iliyopondwa, hamira kidogo,
pamba mdomoni.
Penye joto wangemaliza kwa siku kumi.
Hapa wiki ya tatu inaingia.
Nimewahamishia jikoni, karibu na mafiga,
na mama kacheka: Subilaga, wenzio wanafukuza inzi,
wewe unawakaribisha kuota moto.

Nikampa lenzi atazame mmoja.
Macho mekundu kama buni mbivu,
na ukingoni mwa bawa, kipande hakipo,
kama daftari lililopitiwa na panya.
"Nani kamng'ata?"
Hakung'atwa, mama. Hakusikia.

Bawa huanza likiwa kifuko ndani ya funza,
limekunjwa kama khanga isiyovaliwa bado.
Nusu ya nyuma hutoa neno.
Wataalamu wamelipa jina la Kalunguyeye
(wana utani wao),
na ajabu ni kwamba nusu hiyo hailisikii,
ni kiziwi wa sauti yake yenyewe.
Wanaosikia ni majirani wa mbele,
safu chache tu zilizopakana nayo.
Hao nao hupaza lao, Kumi na Tano, huku na huku,
nalo hupungua likienda,
kama moshi wa jiko letu: hapa unakohoa,
nyumba ya tatu wanajua tu kwamba leo tumepika.
Kila seli hupima kilichoifikia,
na kwa kipimo hicho hujua ikae wapi,
mshipa upite wapi.

"Na hili pengo?"

Pengo ndilo jina la sikio.
Kuna mpaka mwingine, mama, wa tabaka la juu na la chini.
Huku wanasema Delta, kule wanasema Msumeno,
na Pengo husikia pande zote mbili.
Likisikia, ukingo mzima huamka,
huita neno la tatu, Bila Bawa,
lililopewa jina la hasara yake:
lisipokuwepo, hakuna cha kurukia.
Huyu wako kazaliwa na nusu ya masikio.
Palipokosa kusikika, pameliwa.
Na tena, seli ikijaza mno maneno yake
masikio yake yenyewe huziba.

Mama akaacha kumenya.
Dirishani, masale yanayotutenga na baba mdogo Asumwisye,
yale yaliyosogea hatua mbili usiku mmoja,
mwaka aliozikwa baba,
na hakuna aliyeyasogeza.
Tangu hapo salamu hubebwa na watoto.
Chai ya mpakani haichumwi na mtu;
imeacha kuwa chai, imekuwa miti.

"Kwa hiyo bawa linaotea mpakani."
Huanzia hapo.
"Na hao wawili, nani hutangulia kusema?"

Nilipekua kitabu, nikitafuta jibu la mtihani.
Kitabu kinasema wote: huyu humchochea yule,
yule humrudishia huyu,
ukimnyamazisha mmoja, wa pili naye hufifia.
Cha nani alitangulia, hakisemi.

Akafuta mikono. Akakata vichane viwili
kwenye mkungu uliokwisha kuiva,
nzi wasio wangu wakamfuata hadi mlangoni.
Alitoka bila mwavuli.
Nikasikia majani ya ile chai ndefu yakisuguana na sketi yake,
kisha kimya, kisha sauti niliyoisahau,
ya mama akiita mtu mzima kwa jina la mwanawe:
"Baba Lusajo!"

Jibu sikulisikia. Ukungu wa huku hula maneno.
Nikahesabu chupa. Nikazihesabu tena.
Ninachojua ni kwamba mama alikawia,
alikawia mpaka uji wa nzi ukashika chini ya sufuria,
ukaungua,
nami sikuuepua.